Wewe Kwanza

Samim alipoanza kazi katika jiko letu alishinda na njaa siku nne mfululizo, na sababu ilikuwa adabu.

Jiko hilo ni la nyumba ya wazee hapa Columbia, Maryland. Mimi ndiye msimamizi wake. Naitwa Nishimwe, ni Mrundi niliyekulia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, nikaja kusomea lishe chuoni College Park, na sasa napanga zamu, naagiza vyakula na kugombana na mashine ya kuoshea vyombo. Mpishi wetu mkuu ni Mama Anysie, mama wa makamo kutoka Uvira, ambaye huniita Shefu mbele za watu na mtoto tukiwa peke yetu. Kila siku saa saba mchana, wazee wakishakula, yeye huwagawia wafanyakazi. Siku ya kwanza alimnyooshea Samim sahani ya wali na maharagwe. Samim akaweka mkono kifuani, akasema hapana, asante sana. Mama Anysie akampa mtu mwingine sahani ile. Siku ya pili ikawa hivyo hivyo, na ya tatu, na ya nne. Siku ya tano nilimkuta kijana amekaa juu ya gunia la vitunguu, midomo imemkauka.

"Kwetu Kabul," alinieleza kwa Kiingereza, kwa aibu, "mgeni hukataa mara ya kwanza. Hukataa tena mara ya pili. Mwenyeji hushikilia. Mara ya tatu ndipo mgeni anakubali, na hata hapo hulalamika kidogo."

"Na mwenyeji akinyamaza baada ya mara ya kwanza?"

Alifikiri. "Hilo sijawahi kuliona."

Nilipomtafsiria Mama Anysie, alicheka hadi akashika ukingo wa meza.

"Weye! Kwetu mtu akisema hapana, chakula kinaenda kwa mwenye kusema ndiyo. Siku ine! Na miye nilikuwa nasema huyu kijana anafunga."

Tangu hapo alimkaribisha mara tatu kwa pumzi moja, kula-kula-kula, na kumwekea sahani mkononi kabla hajapata nafasi ya kukataa hata mara moja.

Hayo yalikuwa mwishoni mwa mwaka 2021. Miaka mitatu baadaye Samim alikuwa na umri wa miaka ishirini na mitatu na alizungumza Kiswahili, kwa sababu jikoni mwetu hakuna lugha nyingine inayoharakisha kazi. Alikiokota kwa kila mtu. Alisalimu kama mtu wa Kigoma, alilalamika kama Mkenya, na alipoungua kidole alimwita Mungu kwa Kifaransa cha Uvira. Jambo moja tu halikubadilika. Hakuingia mlango wowote mbele ya mtu mwingine. Hata akiwa amebeba sufuria ya supu inayotoa moshi, alisimama kando na kusema, "Wewe kwanza."

"Samim," alimwambia siku moja Jerotich, mhudumu wetu wa mezani kutoka Eldoret, "hiyo supu inapoa na mimi nazeeka. Pita!"

Hakupita. Jerotich alipita, akimsonya.

Sote tulimjua Homayun ingawa hatukuwahi kumwona. Alikuwa rafiki wa Samim tangu wakiwa na miaka sita, jirani yake katika mtaa wa Khair Khana. Picha yao ilikuwa kwenye simu ya Samim: wavulana wawili wenye masikio makubwa, kila mmoja akimwekea mwenzake pembe kwa vidole. Samim aliondoka Kabul Agosti 2021, serikali ilipoanguka. Homayun alibaki. Alijificha kwa mjomba wake huko Mazar, akavuka kwenda Islamabad, akangoja viza. Oktoba 2024 viza ikatoka. Samim alipotutangazia habari hiyo, Mama Anysie alipiga vigelegele hadi muuguzi akaja kuuliza nani ameanguka. Samim alinunua kitanda cha pili, mito miwili na blanketi zito lenye picha ya simba. Homayun angetua uwanja wa ndege wa Dulles siku ya Alhamisi, saa nane na dakika arobaini mchana.

Jumanne niliipitia ratiba ya zamu. Siku ya Alhamisi Samim alikuwa ameandikwa asubuhi na ameandikwa tena jioni.

Zamu ya jioni ilikuwa ya Jerotich. Nilimfuata ukumbini, alikokuwa akipanga vijiko.

"Umemwomba Samim akushikie zamu Alhamisi?"

"Nani? Mimi?" Jerotich aliweka vijiko chini. "Aki sikumwomba. Nilisema tu niko na korti Upper Marlboro, ile tiketi ya kupita taa nyekundu. Saa tano asubuhi nitakuwa nimemaliza. Ni yeye alinibembeleza. 'Dada Jerotich, pumzika, korti inachosha.' Nikasema, huyu kijana wamemlea vizuri. Kwani kuna nini?"

"Alhamisi rafiki yake anafika."

Jerotich alinitazama, akatazama mlango wa jiko. "Ha! Ndiyo maana alinipa hata keki yake."

Nilirudi jikoni. Samim alikuwa akimenya karoti kwa kasi ya mtu anayelipwa kwa kila karoti. Mama Anysie alikuwa upande wa pili wa meza, akikata vitunguu.

"Samim," nikasema, "Alhamisi nani atakwenda uwanja wa ndege?"

"Shirika la wakimbizi linatuma mtu, Dada Nishimwe."

"Mtu gani?"

"Mtu mzuri. Ana gari. Ana bango."

Kisu cha Mama Anysie kilisimama. "Bango? Rafiki yako wa tangu meno ya utoto, na anapokewa na bango?"

"Nitamwona jioni, Mama. Nitakuwa nimetoka kazini saa mbili na nusu. Nimemwandalia kila kitu. Hata mswaki."

"Bango na mswaki," Mama Anysie aliniambia, kana kwamba Samim hayupo. "Shefu, unasikia?"

"Nimemuuliza Jerotich," nikasema. "Korti inachosha, eti?"

Karoti ikamponyoka. Aliiokota, akaiosha, akaimenya tena ingawa ilikuwa imeshamenywa. Halafu akatueleza, bila kuinua macho.

Yeye na Homayun walifanya kazi miaka miwili katika mradi wa kigeni uliochapisha vitabu vya Kiingereza vya shule. Mji ulipoanguka, mradi uliwapa barua moja yenye majina mawili. Walikwenda nayo uwanja wa ndege. Walisimama siku mbili katika mfereji wa maji machafu, chini ya ukuta, wakiwa wamebanwa na watu wasioweza kuhesabika. Juu ya ukuta askari wa Kimarekani alikuwa akisoma karatasi za watu na kuwavuta mmoja mmoja. Siku ya pili, jua likielekea kuzama, aliisoma barua yao. Akairudisha. Akanyoosha mkono.

"Mkono mmoja," alisema Samim. "Ilikuwa kama mlango."

Homayun alimzidi Samim siku arobaini. Kwa desturi yao mkubwa ndiye hupita kwanza, lakini lazima apite kwa kulazimishwa. Kwa hiyo katika kila mlango wa maisha yao, wa shule, wa msikiti, wa duka la mikate, mambo yalikwenda kwa utaratibu mmoja. Homayun alisema, wewe kwanza. Samim alikataa, akasema, haiwezekani, wewe kwanza. Walivutana kidogo. Homayun alipita. Ilikuwa hivyo kwa miaka kumi na minne.

"Siku ile Homayun alisema, wewe kwanza. Zamu yangu ilikuwa ya kukataa." Samim aliweka kisu chini. "Nikapanda."

Mama Anysie alisukuma vitunguu kando.

"Askari aliponyoosha mkono tena, watu walikuwa wamesukuma. Homayun alikuwa mbali, hatua ishirini hivi. Nilimwona kichwa tu. Na barua ilikuwa mfukoni mwangu."

Mama Anysie alifuta mikono kwenye aproni. Niliogopa kwamba angelia, kwa sababu yeye pia alivuka mpaka usiku mmoja na watu aliowahesabu akiwa upande huu wakawa pungufu upande wa pili. Hakulia. Alianza kumhoji.

"Ulimsukuma?"

"Hapana."

"Alisema 'wewe kwanza' mara ngapi?"

"Mara moja."

"Mara moja! Miye, ukiniambia mara moja, nimeshapanda, nimeshafika, na nimeshakuandikia barua."

Samim alijaribu kutabasamu. "Ninyi mnaweza, Mama. Mimi nilijua maana yake."

"Bon. Amekutukana?"

"Hata siku moja. Miezi kumi na moja hakujibu ujumbe wangu. Halafu akajibu, na tangu hapo kila Ijumaa ananiuliza afya. Afya yangu, kazi yangu, baridi ya Maryland."

"Sasa unaogopa nini? Mtu anakuuliza baridi!"

"Hicho ndicho ninachoogopa." Kwa mara ya kwanza aliinua uso. "Atakuwa mpole. Sisi tunaweza kumchukia mtu miaka thelathini na kumpa mto mzuri wa kuegemea. Atanikumbatia, ataniuliza habari za mama yangu, atakaa katika chumba changu, na sitajua. Mama, ningependa anipige ngumi. Ngumi naielewa."

Nilikwenda kwenye ratiba ya ukutani nikafuta jina lake katika zamu zote mbili za Alhamisi.

"Dada Nishimwe, umefanya nini?"

"Huna kazi Alhamisi. Mimi pia sina. Unaweza kukaa nyumbani utazame mswaki, au unaweza kupanda gari langu saa saba na nusu."

"Na miye natoka saa saba," alisema Mama Anysie. "Nitakaa mbele. Magoti yangu hayapendi nyuma."

Mamlaka yangu yanaishia kwenye mlango wa jiko, nisingeweza kumlazimisha. Lakini Alhamisi, saa saba na nusu, alikuwa ameketi kwenye ngazi za jengo lao, amenyoa ndevu, amevaa koti la sherehe, akiwa na sura ya mtu anayekwenda kung'olewa jino.

Dulles, mlango wa abiria wanaowasili, palikuwa na maputo, maua na mtu wa shirika mwenye bango. Bango lilikuwa zuri, lazima nikiri. Homayun alitoka baada ya saa moja na nusu. Alikuwa mrefu kuliko nilivyofikiri na mwembamba kuliko picha yake, na alibeba mfuko mweupe wa plastiki uliojaa karatasi. Alimwona Samim. Akaweka mfuko chini kwa uangalifu. Wakakumbatiana.

Kisha wakaanza kusalimiana. Sijui Kidari, lakini nilielewa kila kitu. Mkono kifuani, kichwa kimeinama. Hujambo, mzima, mama mzima, kazi nzuri, umechoka, usichoke, Mungu akuweke. Walionekana kama makatibu wawili wa wizara wanaofungua mkutano. Kadiri Homayun alivyozidi kuwa mpole, ndivyo rangi ilivyozidi kumtoka Samim. Mtu wa shirika alitusainisha fomu, akamkaribisha Homayun Marekani, akaondoka na bango lake.

Ndani ya gari walikaa nyuma wote wawili, magoti pamoja, kama watoto waliosafishwa kwa ajili ya kanisa. Homayun alisifu gari langu. Gari langu halijawahi kusifiwa. Alisifu barabara, miti na hali ya hewa. Samim alijibu kila sifa kwa shukrani. Mama Anysie alivumilia hadi tulipoingia barabara ya mzunguko, 495. Hapo aligeuka mzimamzima, mkanda ukimkaba shingo.

"Samim. Muulize kama bado ana hasira na weye."

"Mama, tafadhali."

"Muulize. Miye nimetesa magoti yangu njia nzima kwa ajili ya jibu hili."

Samim alivuta pumzi, akasema jambo kwa Kidari. Homayun alitazama miguu yake kwa mshangao, akaweka mkono kifuani, akajibu kwa kirefu.

"Anasemaje?"

"Anasema viatu havimbani hata kidogo," alisema Samim. "Anashukuru kwa kuulizwa."

Nilicheka kabla sijajizuia. Mama Anysie hakucheka.

"Shefu, weye uko na Kiingereza. Muulize."

"Mimi naendesha, Mama."

"Gari limesimama."

Ilikuwa kweli. Ilikuwa saa kumi na moja kasorobo, na mbele yetu, kuelekea daraja la American Legion, taa nyekundu zilikuwa zimejipanga hadi upeo wa macho. Hakuna aliyeweza kushuka wala kukimbia. Nilimtazama Homayun katika kioo.

"Huyu mama," nikasema kwa Kiingereza, "anataka kujua kama bado una hasira na Samim kwa sababu ya siku ile ukutani."

Samim alifunika uso kwa mikono. Homayun alitabasamu vizuri sana.

"Hapana, hapana. Samim ni ndugu yangu."

Nilitafsiri. Mama Anysie alitikisa kichwa.

"Hiyo ni mara ya kwanza. Ya kwanza haihesabiwi. Samim mwenyewe alitufundisha. Muulize tena."

Nilimuuliza tena, na nikamweleza kwa nini naambiwa niulize tena. Tabasamu lake lilipungua kidogo.

"Yote hupangwa na Mungu," alisema.

"Hiyo ya pili," alisema Mama Anysie nilipomtafsiria. "Tena."

Mara ya tatu sikuhitaji kumaliza swali.

"Ndiyo," alisema Homayun.

Gari la mbele lilisogea mita mbili. Na mimi nilisogea mita mbili.

Aliendelea kwa Kiingereza, polepole, akimwambia Samim lakini akitazama kisogo changu. Baadaye alinieleza kwamba kwa Kidari asingeweza: kwa Kidari alijua njia nyingi mno za kukwepa.

"Mwaka mzima sikutaja jina lako. Mama yangu alipokutaja, nilitoka nje. Nilipokuwa kwa mjomba nilikuwa nalala kwenye ghala la mazulia, na kila nilipofumba macho niliiona soli ya kiatu chako ikipanda ukuta. Nilikuwa naijua ile soli. Tulinunua viatu pamoja."

Samim hakuondoa mikono usoni.

"Lakini hasira yangu ina kasoro," Homayun aliendelea. "Ndiyo maana nilikaa kimya miezi yote ile. Sikujua niiandikeje. Nilipokwambia wewe kwanza, sikutaka uende. Nilijua utakataa. Miaka kumi na minne ulikataa. Nilisema hivyo ili uniambie mimi kwanza, nipande, na asiwepo mtu wa kunilaumu, hata mimi mwenyewe. Samim, mguu wangu ulikuwa umeshanyanyuka."

Nilimtafsiria Mama Anysie kwa sauti ya chini.

"Mguu?" aliuliza.

"Ulikuwa juu, Mama. Alikuwa anasubiri akataliwe, apande."

"Aaa," alisema Mama Anysie, na akajigeuza kutazama mbele kwa heshima.

Samim aliondoa mikono usoni. "Ulikuwa juu?" aliuliza, kwa Kiswahili. Homayun hakuelewa. Samim akarudia kwa Kiingereza. "Mguu wako ulikuwa juu?"

"Kidogo."

"Ulinitega!"

"Nilikukaribisha."

"Ulinitega, ukiwa umesimama kwenye maji machafu! Miaka mitatu nasimama kwenye kila mlango kama mlinzi wa benki! Waulize hawa! Supu inapoa mikononi mwangu! Kumbe wewe ulikuwa umenyanyua mguu!"

"Na wewe hukukataa!" Sauti ya Homayun ilipanda kwa mara ya kwanza, na ilikuwa sauti ya kijana wa miaka ishirini na mitatu, si ya katibu wa wizara. "Hata mara moja! Hata kwa adabu! Ungesema 'hapana' ndogo tu, halafu upande!"

"Askari angengojea hapana ndogo?"

"Hapana ndogo inachukua muda gani?"

Kuanzia hapo walihamia Kidari, na Kidari hicho hakikuwa na mikono vifuani. Tulivuka mto Potomac wakipiga kelele. Dereva wa lori alitutazama kwa huruma. Niliuliza kama nisimame.

"Endesha," alisema Mama Anysie, akilegeza mkanda wake. "Wanagombana vizuri."

Walinyamaza tulipoingia barabara ya 29. Nilidhani wamechoka. Kisha Samim alisema, tena kwa Kiingereza, labda kwa sababu na yeye hakutaka njia ya kukwepa:

"Kuna jambo jingine. Ndani ya ndege nilifurahi."

Homayun alimgeukia. "Ulifurahi kwa muda gani?"

"Hadi Qatar."

"Ni saa ngapi hadi Qatar?"

"Nne hivi. Halafu nikapapasa mfuko nikaikuta barua."

Homayun alitazama nje, kwenye miti ya Kaunti ya Howard iliyokuwa imegeuka rangi. "Mimi ningefurahi hadi Marekani," alisema. "Nisingepapasa mfuko."

Sikumtafsiria Mama Anysie hilo hadi tulipofika. Lilikuwa lao.

Walikubaliana mambo mawili kabla ya kushuka; Samim alitueleza kesho yake. La kwanza, hakuna kuulizana afya. La pili lilikuwa ombi la Homayun. Alisema hasira haitakwisha kwa sababu tu imetajwa njiani. Kuna siku ataamka nayo. Siku hizo atasema, "Leo ni siku ile," na Samim amwache, asimbembeleze, asimletee chai, asimtazame kwa macho ya mbwa aliyevunja chungu. Samim alikubali. Nilimuuliza kama hilo halimuumizi.

"Linaumiza," alisema. "Lakini siku nyingine zote najua si siku ile."

Homayun alipata kazi jikoni kwetu kabla ya Krismasi. Wiki ya kwanza alikataa chakula kwa adabu na Mama Anysie akamwekea sahani mkononi, kula-kula-kula. Kazi alijifunza haraka. Kiswahili alianza na matusi, kwa msaada wa Jerotich. Siku zile zilikuja mara mbili Desemba na mara moja Januari. Homayun aliingia, akafunga aproni, akasema maneno manne, na Samim akachukua visu vyake akahamia meza ya mwisho, karibu na jokofu. Hakubembeleza. Tulifanya kazi. Jioni waliondoka pamoja, kwa sababu ni mmoja tu mwenye leseni.

Jumatatu moja ya Februari Homayun aliingia, akafunga aproni, akafungua kinywa. Samim alimtangulia.

"Leo ni siku ile," alisema.

Homayun aliduwaa. "Hiyo ni siku yangu."

"Leo ni yangu."

"Wewe huna siku. Wewe ulipanda."

"Wewe ulininyima jibu miezi kumi na moja. Na ulinyanyua mguu. Leo nimeamka na ule mguu."

Homayun alimgeukia Mama Anysie, ambaye wote wawili walikuwa wamemfanya jaji bila kumwomba ruhusa, akasema kwa Kiswahili chake kipya. "Mama, haiwezekani. Mimi pia leo nimeamka nayo. Nimeamka nayo kabla yake. Tangu saa kumi na moja."

"Basi gawaneni," alisema Mama Anysie bila kuinua macho kutoka kwenye mchuzi. "Mmoja awe na hasira hadi saa saba, mwingine achukue baada ya chakula. Viazi vya wazee haviulizi nani amekasirika."

Hawakugawana. Walikasirika wote wawili kwa wakati mmoja, kila mmoja akisisitiza haki yake, na kwa kuwa meza ya mwisho ilikuwa moja na kila mmoja alitaka kuhamia huko, walijikuta wameketi hapo pamoja, wamepeana migongo, ndoo ya viazi katikati. Walimenya kimya kwa nusu saa nzima. Kila mmoja alichovya mkono ndooni bila kugeuka. Mara moja mikono yao iligongana, na yote miwili ikarudi mitupu.

Mwishowe Homayun alichungulia juu ya bega.

"Kiazi hicho umekiachia macho," alisema.

"Leo husemi na mimi," Samim akamkumbusha.

"Sisemi na wewe. Nasema na kiazi."

Samim alikitazama kiazi chake. Kilikuwa kimeachiwa macho, kweli, vidoa vitatu vyeusi. Alikitoa macho, taratibu, moja baada ya jingine, akakipitisha nyuma ya mgongo wake bila kugeuka, na Homayun akakipokea.